Mtoto Anapozaliwa Amefariki: Namna ya Kumuaga, Kumzika na Kumkumbuka

Kila mwaka duniani watoto wapatao milioni 1.9 huzaliwa wakiwa wamefariki baada ya mimba kutimiza wiki 28, na karibu nusu yao ni wa huku kwetu, Afrika kusini mwa Sahara. Pamoja na wingi huo, kila mama ninayekaa naye siku hiyo huamini yeye ndiye wa kwanza kupatwa na jambo hili, kwa kuwa halizungumzwi. Mtoto huzikwa upesi na watu wachache, nguo zake hufichwa, na mama huambiwa akaze moyo.

Mimi ni mkunga. Kinachowaumiza watu miaka mingi baadaye, mbali na kifo chenyewe, ni haraka. Mama ananijia mtoto wake wa tatu akiwa darasa la nne, na bado anauliza yule wa kwanza alikuwa wa kike au wa kiume, kwa sababu siku ile hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo karibu kila nitakachosema hapa ni namna ya kupunguza haraka hiyo ili wewe uamue, wasije watu wengine wakakuamulia.

Nimepanga kwa kufuata saa na siku zinavyokuja. Soma sehemu inayokuhusu leo, nyingine zitakusubiri. Kama mama hana nguvu za kusoma, asomewe na dada yake, mumewe au rafiki anayemwamini.

Hatua ya kwanza: umeambiwa mapigo ya moyo hayasikiki

Kwanza, omba uthibitisho wa ultrasaundi. Kifaa cha kusikilizia mapigo peke yake hakitoshi kutoa habari nzito kiasi hiki. Ukitaka daktari mwingine aangalie tena, sema. Hiyo haina maana kwamba humwamini wa kwanza. Moyo wako unahitaji kuona, na wahudumu wazoefu wanalielewa hilo. Kisha mpigie mtu mmoja aje. Mmoja tu, yule ambaye ukilia mbele yake hatakunyamazisha.

Wengi huogopa kwamba mtoto aliyefariki tumboni anamtia mama sumu, hivyo atolewe dakika hiyo hiyo. Sivyo. Kama huvuji damu, presha haijapanda, huna homa na chupa haijapasuka, mara nyingi una nafasi ya kurudi nyumbani usiku mmoja, kuoga, kuzungumza na mama yako na kuchukua nguo za mtoto. Lakini usikae wiki nyingi. Kwa wanawake wengi uchungu huja wenyewe ndani ya wiki mbili au tatu, na kadiri siku zinavyozidi, hasa baada ya wiki nne, huwepo hatari ya damu kupoteza uwezo wa kuganda. Ndiyo maana madaktari wengi watakushauri uanzishiwe uchungu mapema. Ukiwa nyumbani ukaona damu, homa, maumivu makali ya tumbo au ya kichwa, macho kuona ukungu au maji yenye harufu mbaya, rudi hospitali papo hapo.

Utauliza, kama wanavyouliza karibu wote: "Kwa nini nisukume mtoto ambaye hataishi? Si mnipasue tu?" Ni swali la haki kabisa. Jibu ni kwamba upasuaji hauwezi tena kumsaidia mtoto, na wewe unakuachia kidonda cha kupona kwa muda mrefu pamoja na kovu kwenye mfuko wa uzazi litakalohitaji uangalizi katika mimba ijayo. Kujifungua kwa njia ya kawaida ndiko salama zaidi kwako, isipokuwa kuna sababu ya kitabibu. Ila omba dawa ya maumivu, tena uombe mapema. Sasa hivi hakuna mapigo ya mtoto ya kulinda, hivyo daktari ana uwanja mpana zaidi wa kuchagua dawa. Hakuna thawabu ya kuumia zaidi ya ulivyokwisha kuumia.

Hatua ya pili: leba

Omba mtu wako akae nawe. Omba chumba cha pembeni kama kipo, au kitanda cha mwisho chenye pazia. Mwambie mkunga akueleze kila anachofanya, na akuambie mapema kwamba mtoto akitoka chumba kitakuwa kimya. Ukimya ule humshtua hata mama aliyejiandaa kwa siku mbili.

Baada ya hapo, usikubali kulazwa katikati ya akina mama wanaonyonyesha kama kuna kitanda popote pengine. Mwenye kuuguza aseme kwa adabu lakini bila kurudi nyuma: "Sista, tunaomba alazwe wodi ya magonjwa ya wanawake." Hospitali nyingi zitakubali. Zinasahau tu kama hakuna aliyesema.

Hatua ya tatu: kumuona na kumpakata

Hapa nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo mama hunyang'anywa mengi kwa nia njema.

Utaambiwa usimwangalie, utaota. Shangazi atasema, nesi atasema, pengine hata mumeo atasema kwa kukuhurumia. Wengine watamfunga mtoto kwenye kitenge na kutoka naye kabla hujauliza chochote. Waambie wote, kabla hujaingia leba: "Nitaamua mwenyewe." Wapo wanaochagua kutomuona na wanabaki na amani, hao nao wasilazimishwe. Ila wengi niliokaa nao, waliomuona hawakunijia kulalamika kwamba walimuona. Waliolalamika ni wale ambao hawakuulizwa.

Ukisita, fanya kwa vipande. Mwambie mkunga akueleze kwanza kwa maneno: ana nywele, ana uzito gani, amefanana na nani. Kisha uone mkono tu, au nyayo, huku mwili umefunikwa. Ukitaka zaidi, utaendelea. Ukikataa saa hii, una haki ya kubadilisha mawazo baada ya saa tatu.

Ujue pia utakachokiona, kwa kuwa kisichotarajiwa ndicho kinachotisha. Mtoto aliyefariki wakati wa uchungu huonekana kama aliyelala. Aliyefariki siku kadhaa kabla, ngozi yake huwa laini mno na hubanduka sehemu fulani, midomo huwa myeusi au myekundu sana, na kichwa huwa tepetepe. Hiyo ni hali ya mwili kukaa ndani ya maji baada ya kifo. Haina maana kwamba aliteseka, wala kwamba umezaa kiumbe kisicho cha kawaida. Atakuwa wa baridi ukimgusa. Mshike ukiwa umemtegemeza kichwa na shingo, akiwa ndani ya kanga laini, na kama ngozi imebanduka usimsugue. Mpanguse kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu.

Kumwogesha na kumvika ni jambo ambalo bibi wa mtoto anaweza kulifanya vizuri kuliko sisi wahudumu. Nimewaona akina bibi waliofika wakiwa wakali, wakitaka mambo yaishe, wakilainika pale tu walipopewa beseni na nguo ndogo za mjukuu wao.

Kuhusu muda: katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, mwili mdogo hauwezi kukaa kutwa nzima chumbani. Saa chache zinawezekana, hasa kwenye chumba chenye feni. Ukihitaji kumuona tena kesho yake, omba ahifadhiwe mochwari na baba au bibi amfuate asubuhi, mkae naye kidogo kabla ya mazishi. Hospitali isiyo na utaratibu huo uliozoeleka bado inaweza kukubali ikiombwa.

Hatua ya nne: kumbukumbu ambazo haziwezi kutafutwa kesho

Haya yafanyike kabla mtoto hajaondoka mikononi mwenu. Mpe kazi hii mtu mmoja mwenye utulivu, si mama.

Picha. Hata kama mama amesema hataki, piga kwa ruhusa ya baba na uzihifadhi bila kumwonyesha mtu, kisha mama aambiwe zipo. Kama wote wawili wamekataa, heshimu. Piga dirishani penye mwanga wa asili bila kuwasha tochi ya simu. Piga mkono wake ukiwa juu ya kidole cha mama, nyayo, sikio, kichwa chenye nywele, uso, na familia nzima. Zikigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, alama za ngozi hazionekani sana. Zitume mara moja kwenye barua pepe au kwa ndugu mmoja mwaminifu, kwa maana simu huibiwa, na hakuna atakayeweza kuzipiga tena. Zisiingie kwenye kundi la familia bila idhini ya wazazi.

Alama za nyayo na viganja. Kidau cha wino wa muhuri, ambacho kipo karibu kila ofisi ya hospitali, kinatosha pamoja na karatasi nyeupe ngumu. Kisipopatikana, rangi ya mdomo inafanya kazi. Paka kidogo sana na ubonyeze mara moja bila kuburuza.

Kishungi cha nywele, kama dini na mila zenu zinaruhusu. Mkanda wa mkononi wenye jina la mama. Kofia au kanga aliyofungiwa. Usiifue, iweke kwenye mfuko safi. Kadi ya kliniki: wengine huichoma kwa uchungu, nawasihi msiichome, maana itahitajika hata na daktari wa mimba ijayo.

Na ile picha ya ultrasaundi ina ujanja wake. Huchapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto, hivyo hufifia ikikaa juani, na ukiipeleka kwenye duka la stationari waifunike kwa plastiki ya moto, hugeuka nyeusi yote. Ipige picha kwa simu leo, uchapishe nakala ya kawaida, na ile ya asili iweke gizani ndani ya bahasha.

Hatua ya tano: uliza sababu kabla kondo halijatupwa

Swali la "kwa nini" haliondoki, na nusu ya majibu hupotea ndani ya saa ya kwanza. Omba kondo la nyuma na kiungamwana (ile kamba ya kitovu) vikaguliwe, na kilichoonekana kiandikwe. Omba upimwe kaswende, malaria, sukari, wingi wa damu na kundi la damu kama havikupimwa, na presha yako iandikwe. Pale penye mtaalamu, mnaweza kuulizwa kama mnakubali mwili wa mtoto uchunguzwe. Hilo ni la hiari, na hata kukubali uchunguzi wa nje tu kunasaidia.

Kwenye kadi unaweza kukuta herufi FSB au MSB. Ya kwanza hutumika kwa mtoto ambaye mwili wake unaonyesha alifariki muda mfupi kabla ya kutoka, mara nyingi uchungu ukiwa umeanza. Ya pili ni kwa aliyefariki tumboni mapema zaidi. Muulize daktari ana uhakika kiasi gani, maana herufi hizo huandikwa kwa kuangalia ngozi tu.

Sababu zinazojulikana ni pamoja na kifafa cha mimba na presha, kondo kubanduka mapema, uchungu uliokwama, kaswende, malaria, kisukari, maambukizi, matatizo ya kiungamwana na hitilafu za maumbile. Mara nyingi, hata baada ya vipimo, sababu haipatikani. Lakini nakuhakikishia visivyokuwa sababu: hukumuua kwa kuinua mikono kuanika nguo, wala kwa kukutana na mumeo, wala kwa kugombana na wifi yako, wala kwa kununua nguo za mtoto mapema. Ndugu akianza kutafuta mkono wa mtu, usimwache aendelee ndani ya nyumba yako. Nimeona ndoa ikivunjwa na mganga aliyemtaja mama mkwe, wakati jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kadi: presha 170 kwa 110, na hakuna aliyemsomea.

Na kama moyo wako unakuambia ulichelewa kuhudumiwa, una haki ya kuomba maelezo. Andika nyakati zote ukiwa bado unazikumbuka, kisha mwone mganga mfawidhi wa hospitali mkiwa wawili. Karibu nusu ya vifo hivi hutokea uchungu ukiwa umeanza, na vingi kati yake vingezuilika. Kuuliza si kukosa imani kwa Mungu.

Hatua ya sita: jina na mazishi

Mpe jina. Familia nyingi hukwama kwenye swali hili: jina la babu apewe huyu, au lisubiri atakayekuja? Wanaorithi majina, kama Wakikuyu na Wachaga, hulisikia swali hilo kwa uzito. Nimeona njia nzuri tatu. Wapo waliompa jina la babu bila kusita, kwa kuwa yeye ndiye aliyefika kwanza. Wapo waliomchagulia jina lake peke yake, ambalo hatapewa mwingine. Na wapo waliomwita kwa lile jina la utani walilomwitia tumboni. Kisichofaa ni kumpa mtoto anayefuata jina la aliyefariki kana kwamba ndiye amerudi. Huyo naye anahitaji nafasi yake.

Kwa Waislamu, madhehebu ya Shafi ambayo wengi wa pwani huyafuata yanasema mtoto aliyetimiza miezi minne tumboni akatoka bila dalili ya uhai huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa, bila kuswaliwa. Akionyesha uhai hata kidogo, huswaliwa. Wafuasi wa Hanbali humswalia hata yule aliyetoka bila uhai. Kwa hiyo kuoshwa, sanda na kaburi ni haki yake, na mtu asiwaambie vinginevyo. Mweleze shekhe mambo mawili: umri wa mimba, na kama mtoto alionyesha uhai. Damu yako ni nifasi, na hukumu zake ni zile zile.

Kwa Wakatoliki, mtoto aliyekwisha kufariki habatizwi, na jambo hili huwachoma wazazi wengi. Lakini kanuni ya 1183 ya Sheria za Kanisa inampa askofu mamlaka ya kuruhusu mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Mwaka 2007 tume ya kitaalimungu ya Vatikani ilichapisha andiko linaloeleza tumaini la wokovu kwa watoto wanaokufa bila ubatizo. Mwombeni padri aje, awabariki na kusali nanyi. Kwa madhehebu mengine ya Kikristo, mchungaji akisitasita mwambieni waziwazi mnachotaka: sala fupi, jina litajwe, wimbo mmoja.

Sehemu nyingi mtoto huyu huzikwa na akina mama wachache, nyuma ya nyumba au pembeni mwa migomba, mama mwenyewe akiwa bado hospitali. Siidharau desturi hiyo. Ilikuwa na sababu zake, na akina mama wale walizika kwa upole. Lakini mama akitaka kuwepo, asubiriwe. Kama hali yake hairuhusu, apigiwe simu ya video, au aletewe picha ya kaburi na udongo kidogo. Mkiamua hospitali izike, ulizeni nani anazika, wapi, lini, na kama mnaweza kusindikiza. Msitie sahihi kabla ya kupata majibu.

Ombeni karatasi mbili kabla ya kutoka: kibali cha mazishi, na cheti cha hospitali kinachoonyesha umejifungua, tarehe, saa, jinsia na uzito.

Kisha wekeni alama isiyooza. Kaburi dogo kwenye makaburi ya mjini hupotea baada ya masika moja tu. Jiwe, nguzo ya zege yenye herufi za jina au mti. Kilimanjaro watu hupanda isale. Piga picha kaburi likiwa pamoja na kitu kikubwa kilicho karibu, na uhifadhi mahali pale kwenye ramani ya simu yako.

Hatua ya saba: mwili wako nao umezaa

Siku ya pili hadi ya nne maziwa yatakuja. Hakuna anayekuambia, na unajikuta kifua kimelowa msibani. Vaa sidiria inayoshika vizuri mchana na usiku, weka kitambaa cha maji baridi, kunywa parasetamoli. Ukiumia sana kamua kidogo tu, ya kukupa nafuu, kwa sababu ukikamua yote mwili utatengeneza mengine. Usijifunge kanga kwa kukaza mpaka kupumua ni shida. Matiti huweza kuvimba na kutunga usaha. Ipo dawa ya kuzuia maziwa, ila haimfai kila mtu, hasa aliyekuwa na presha au kifafa cha mimba, hivyo daktari ndiye aiamue. Akina mama wengine hukamua kwa siku chache kabla ya kuyaacha, kwa sababu ndiyo kazi pekee ya umama iliyobaki. Fanya hivyo ukitaka.

Chakula cha mzazi ni chako pia: supu, uji, mtori, maji ya moto ya kuoga. Mtu asikunyime eti kwa kuwa hunyonyeshi. Nenda kliniki ya baada ya kujifungua kama mzazi yeyote, na urudi hospitali bila kusubiri tarehe ukiona damu inalowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu, kichwa kuuma sana, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana.

Hatua ya nane: nyumbani, na maneno ya watu

Kabla hujafika, watu watakimbilia kuficha kitanda, beseni na nguo. Wazuie. Upange mwenyewe, wiki hii au mwaka ujao. Mpe mtu simu yako akuondoe kwenye huduma za ujumbe zinazohesabu wiki za mimba, na huyo huyo awajulishe majirani na wa kazini, ili usiulizwe sokoni, "Dada, umepata nini?"

Watu watasema: bado kijana, utapata mwingine. Afadhali hukumzoea. Kazi ya Mungu haina makosa. Hawana nia mbaya. Unaweza kujibu, "Asante, lakini huyu alikuwa mtoto wangu," ukanyamaza. Na wewe unayekwenda kuhani, sema pole, kaa, mwulize jina la mtoto, osha vyombo. Ukiwa na rambirambi mpe kama unavyotoa kwenye msiba mwingine wowote. Matanga yasiyowekwa humwambia mama kwamba hakuna aliyekufa.

Baba asisahauliwe. Mara nyingi ndiye aliyetia sahihi, aliyebeba lile boksi kwenda makaburini na aliyelipa bili, kisha wageni wanamuuliza, "Mama anaendeleaje?" na kuishia hapo. Shemeji, kaka, mzee wa jirani: mchukueni mkatembee, mwulizeni habari zake mwenyewe. Nyinyi wawili mtaomboleza tofauti, mmoja kwa kuongea na mwingine kwa kurudi kazini mapema. Asiyelia mbele yako hajamsahau mtoto.

Watoto wakubwa waambiwe ukweli kwa maneno mafupi: mdogo wenu amefariki, mwili wake uliacha kufanya kazi, hamkusababisha. Usiseme amelala, wataogopa kulala. Usiseme tumemwacha hospitali, watawasubiri mkamlete.

Kuhusu kazi, Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na hapaswi kurudi kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua isipokuwa kwa idhini ya mtaalamu wa afya. Inatoa pia siku zisizopungua nne za malipo kwa mwajiriwa aliyefiwa na mtoto, na hapo baba anahusika. Kenya likizo ya uzazi ni miezi mitatu. Peleka cheti cha hospitali na barua fupi. Bosi akikuambia likizo ni ya kunyonyesha, mwonyeshe sheria inavyosema.

Kusikia mtoto akilia usiku au kuhisi anacheza tumboni si wazimu. Huwapata wengi na hupungua. Lakini kama wiki zinapita huli, hulali, huwezi kuinuka, au unawaza kumfuata, nenda hospitali leo, uwe na mtu. Kenya unaweza kupiga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu. Nairobi lipo shirika la Still A Mum, lililoanzishwa na Wanjiru Kihusa baada ya yeye mwenyewe kupoteza ujauzito, ambalo hukutanisha wazazi waliofiwa hivi.

Hatua ya tisa: kumkumbuka mwaka hadi mwaka

Jiandaeni kwa tarehe mbili: aliyozaliwa, na ile ambayo mlitarajia azaliwe. Ya pili huwakuta watu hawajajipanga. Siku hiyo ombeni ruhusa kazini, nendeni kaburini mkafyeke nyasi, someni hitima au toeni misa, pelekeni sadaka. Familia moja ninayoijua hupeleka nguo za kichanga wodi ya wazazi kila mwaka, kwa mama aliyekuja bila kitu. Nyingine wamepanda mwembe, na watoto waliofuata wanaujua kwa jina la kaka yao.

Tarehe 15 Oktoba ni siku ya kuwakumbuka watoto waliopotea katika mimba na uchanga. Wazazi katika nchi nyingi huwasha mshumaa saa 1 usiku kwa saa za mahali walipo, na kuuacha uwake kwa saa moja.

Mtu akiuliza una watoto wangapi, huna jibu moja la lazima. Kwenye daladala sema wawili ukitaka. Kwa anayestahili sema watatu, mmoja ametangulia.

Hatua ya kumi: mimba nyingine, kama mtaitaka

Yai linaweza kupevuka hata kabla wiki sita hazijaisha, hivyo zungumzeni mapema kuhusu uzazi wa mpango, mama mkwe asije akapanga badala yenu. Aliyejifungua kwa njia ya kawaida ashauriane na daktari kuhusu muda. Aliyepasuliwa anahitaji kusubiri zaidi ili kovu lipone, kwa kawaida mwaka na nusu au zaidi.

Anza kliniki mara tu unapojua una mimba, na sentensi ya kwanza kwa mhudumu iwe, "Mtoto wangu aliyetangulia alizaliwa amefariki, na kadi yake hii hapa." Pimwa kaswende na presha, meza SP ya kukinga malaria kila unapopangiwa, lala ndani ya chandarua, na ukifikisha wiki 28 anza usingizi wako kwa ubavu. Usitumie dawa za nyumbani za kuharakisha uchungu. Panga mapema kujifungulia hospitali yenye uwezo wa kupasua na kuongeza damu, na uwe na nauli ya usiku.

Ujue namna mtoto wako anavyocheza. Siku ukiona amepungua, usinywe soda ya baridi ukasubiri, wala usione haya kwamba ulikwenda juzi wakakuambia yuko salama. Nenda siku hiyo hiyo asikilizwe, na kesho ukiwa na wasiwasi tena, nenda tena.